Wodi Iliyojaa Wazima

Ndugu, majirani, na wafanyakazi wa hospitali mliofika kumsindikiza: wasifu huu una sehemu ambayo marehemu mwenyewe aliagiza isomwe mbele yenu kabla ya kufukiwa. Familia ilibishana sana juu yake. Wapo waliosema marehemu hasemwi vibaya, na wapo waliojibu kwamba hapa marehemu ndiye aliyesema. Mwisho tumekubaliana uandikwe kama alivyotaka. Atakayeona aibu kusikiliza ajue kwamba sisi tumeiona kabla yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mke wake aliyekuwa akiuza maziwa. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana, na mama yao alikuwa na desturi ya kuwakung'uta watoto vumbi la mbao kabla ya kuwakogesha. Marehemu alipokuwa na miaka kumi, baba yake alikatwa na msumeno kiganjani. Alipakiwa kwenye mkokoteni kupelekwa zahanati ya mbali, na njia nzima binti alitembea pembeni akiwa ameushika mkono wa baba yake na kuuinua juu. Walipofika, muuguzi aliuliza ni nani aliyemfundisha kufanya vile. Akajibu, "Hakuna. Nilifikiri damu haipendi kupanda mlima." Muuguzi akacheka, akamwacha ashike bakuli wakati wa kushona. Baba yake alikuwa akisema kidonda chake kilizaa muuguzi.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani kuanzia mwaka 1958, kisha akaendelea na sekondari ya bweni, ambako alijulikana kwa ukali wa usafi kuliko kwa hesabu. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha uuguzi na ukunga, akahitimu mwaka 1972. Chuoni ndipo alipopata jina la Sista Kona, kwa sababu ya namna alivyokuwa akikunja shuka kwenye pembe za godoro. Alikuwa akitandua vitanda vya wenzake na kuvitandika upya bila kuombwa. "Kitanda kisicho na kona," alikuwa akiwaambia, "ni meza ya sokoni." Wenzake walimchukia wiki ya kwanza, na wiki ya mitihani ya vitendo wakapanga foleni chumbani kwake.

Mwaka 1974 alikuja kufanya kazi hapa. Wakati ule hospitali yetu ilikuwa bado zahanati, nayo ilikuwa ndani ya ghala la zamani la ushirika, vyumba viwili tu. Chumba kimoja kilikuwa cha mganga msaidizi. Cha pili kilikuwa cha mambo mengine yote: sindano, vidonda, mizani ya watoto, wajawazito, na wale waliokuja tu kupumzika kivulini. Aliyekuwa akijifungua alitenganishwa na aliyekuwa akifungwa bandeji kwa pazia, na ilikuwa kawaida mwenye bandeji kutia moyo kutoka upande wa pili: "Sukuma mama, unakaribia!"

Vijana wengi mliopo hapa mmezaliwa mkikuta majengo, kwa hiyo ni vizuri mjue yalivyopatikana. Kila nyumba ilitoa mawe ya msingi. Mfyatua matofali alitoa matofali, mwenye gari alitoa safari, asiyekuwa na kitu alitoa mgongo wake. Mpaka leo wapo wazee wanaokaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje na kumwonyesha jirani ukuta: "Tofali langu lile pale, lile lililopinda." Ilianza kliniki ya watoto na chanjo, ikaja maabara ya kupima damu na makohozi, halafu wodi ya wanawake na chumba cha kujifungulia, halafu wodi ya wanaume, chumba cha upasuaji, daktari wa meno wa siku ya Alhamisi, na miaka ya karibuni chumba cha kuhifadhia maiti. Marehemu alishiriki katika kila hatua. Alichota maji ya kukorogea saruji akiwa na sare yake, akapata lawama kwa mganga msaidizi, na kesho yake akachota tena.

Hapo hapo ndipo alipompata mumewe. Mwaka 1976 fundi umeme aliletwa kuweka taa katika jengo jipya la maabara. Aliunganisha nyaya vibaya, ikawa ukitaka taa ya maabara iwake unakwenda kuwasha swichi ya chooni. Marehemu alimwita arudi kurekebisha. Akarudi, akarekebisha, ikawa sasa taa ya chooni inawashwa maabara. Akaitwa tena. Mara ya tatu alikuja bila kuitwa, na taa zote zilikuwa sawa. "Sasa umefuata nini?" marehemu akamuuliza. "Nimekuja kuangalia kama kuna kitu kingine kimeharibika." Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Mume wake alitangulia mwaka 2009.

Sasa tunafika kwenye Jumamosi ya tarehe 12 Septemba 1981, siku ya kufunguliwa rasmi kwa wodi ya wanawake.

Wengi katika ukoo huu mnaifahamu siku hiyo. Mmeisikia kwenye harusi na kwenye mikusanyiko ya familia, na mmeicheka mpaka machozi. Tutaieleza kama tulivyozoea kuieleza, halafu tutaeleza sehemu ambayo hatukuwa tukiieleza.

Wiki ile wodi ilikuwa imefungwa ili ipakwe rangi. Wagonjwa wachache waliokuwepo waliruhusiwa, na mitaani watu waliambiwa wasije kulazwa mpaka harufu ya rangi iishe. Watu walitii. Asubuhi ya ufunguzi wodi ilikuwa nyeupe, inang'aa, na tupu kama darasa wakati wa likizo. Mwenyekiti wa kamati ya hospitali, ambaye kwa kazi yake alikuwa fundi muashi, aliingia akaona vitanda, akashika kichwa. Mgeni rasmi ndiye aliyekuwa anakuja kupima kama tunastahili kuletewa daktari wa kudumu.

"Sista, mtu huyu akikuta hakuna mgonjwa hata mmoja, atasema tumejenga nyumba ya popo. Huyo daktari tutamsikia redioni."

Marehemu alikuwa ndiye msimamizi wa wodi. Hakufikiri sana. "Vitanda vinataka watu tu, mwenyekiti," alisema. "Na watu si wamejaa hapo nje?"

Wazo lilikuwa lake. Tunalisema hivyo kwa sababu kwa miaka mingi tulisema lilikuwa la mwenyekiti, na mwenyekiti, ambaye naye ametangulia, hakuwahi kukanusha.

Nje walikuwepo akina mama wa mtaa waliokuja kufagia na kupanga viti. Marehemu aliwachagua, akawavisha magauni ya wodi, akawalaza, na kila mmoja akampa ugonjwa wake. Wifi yake alipewa shinikizo la damu. Mdogo wake marehemu, ambaye alikuwa amekuja kuazima viatu tu, alipewa homa na kitanda cha mlangoni. Jirani mmoja, mama wa watoto saba, aligoma kwanza.

"Mimi niumwe nini, sista? Sina sura ya ugonjwa."

"Wewe utaumwa mgongo."

"Ah, huo sihitaji hata kuigiza."

Mgeni rasmi alipopita, alisimama kwenye kitanda cha yule jirani akampa pole na kumuuliza anaendeleaje. Jirani akajibu kwa moyo wake wote, "Naendelea vizuri sana, mheshimiwa. Tangu asubuhi nimelala tu, na nyumbani sipati nafasi hii." Kitanda cha pili wifi mtu alikuwa amepitiwa na usingizi wa kweli, anakoroma. Mgeni akainama, akanong'ona, "Huyu naona hali yake ni nzito." Marehemu akajibu bila kutikisa uso, "Tunamfuatilia kwa karibu."

Hapo ndipo hadithi yetu ilipokuwa ikiishia, kila mara. Mdogo wake marehemu ndiye aliyekuwa fundi wa kuisimulia, mpaka mkoromo wa wifi aliuigiza. Kitu ambacho wengi wetu hatukukitilia maanani ni kwamba marehemu hakuwahi kubaki chumbani mpaka mwisho wake. Akisikia "mgongo" tu, alikuwa anainuka kwenda kuangalia chai. Tulisema anaona haya kwa sababu ya utani. Tulimtania zaidi.

Sehemu iliyobaki ni hii.

Agizo la langoni lilikuwa lake pia. Mlinzi aliambiwa asiruhusu mgonjwa yeyote kuingia mpaka msafara wa mgeni uondoke, ili njia iwe wazi na wodi isivurugike. Wakati mgeni yuko katikati ya vitanda, mfyatua matofali mmoja alifika langoni akimsukuma mke wake kwenye mkokoteni. Mke alikuwa na mimba yake ya kwanza na uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Mlinzi hakupenda alichokiona. Aliacha lango, akaja mpaka kwenye mlango wa wodi, kofia mkononi.

"Sista, kuna mama mjamzito pale nje. Mimi si daktari, lakini naona kama hali yake si ya kusubiri."

Mgeni rasmi alikuwa anasikia. Marehemu akamgeukia mlinzi akitabasamu. "Mwambie asubiri kidogo. Si unaona vitanda vimejaa?"

Mgeni alitikisa kichwa kwa huruma. Alimwambia msaidizi wake aandike kwamba hospitali hii ina upungufu wa vitanda. Mwaka uliofuata vitanda vya nyongeza vililetwa kweli, na daktari wa kudumu akaletwa. Baadhi ya vitanda hivyo bado vinatumika. Tumevilalia sisi, na watoto wetu wamezaliwa juu yake.

Mdogo wake marehemu, kwenye kitanda cha mlangoni, alikuwa karibu na mlinzi kuliko mtu yeyote. Ameomba aandikwe naye. Maneno yake ni haya: "Nilimsikia mlinzi vizuri. Niliwaza nimpishe. Halafu nikawaza, nikiamka mgeni atajua mimi si mgonjwa, dada ataadhirika. Nikavuta shuka."

Hotuba zilifuata. Mgeni alipanda gari, na msafara ukapita langoni kando ya ule mkokoteni. Akina mama wa wodini walivua magauni wakatokea mlango wa nyuma, wanashikiliana kwa kicheko. Marehemu alikwenda langoni mbio. Mtoto alizaliwa palepale, ukutani pa chumba cha kufulia, kwa sababu hapakuwa tena na muda wa kufika ndani. Alikuwa hai. Alikufa wakati anabebwa kuingizwa wodini. Watu wa kamati walisema ni mapenzi ya Mungu, na mganga msaidizi alisema huenda ingekuwa hivyo hivyo. Marehemu alikuwa mkunga. Alijua mtoto yule alikuwa amechoka kwa kusubiri.

Alimlaza mama kwenye kitanda cha mlangoni. Mama alitazama vitanda vilivyobaki, vyote vitupu, akauliza, "Wale wagonjwa wako wapi?" Marehemu akajibu, "Wameruhusiwa." Kisha akamwosha, akamlisha, akakaa naye, na siku ya maziko ya mtoto akaenda kusimama na wafiwa. Yule mama, katika msiba wake, hakulaumu mlinzi wala mgeni wala hotuba. Alikumbuka sista aliyetoka mbio kumpokea.

Baadaye mama huyo alijifunza cherehani, akawa fundi, na wengi wenu mmevaa alichokishona. Alizaa watoto wengine. Na kila mwaka, Septemba ikikaribia, alikuwa anakuja hospitali na mashuka aliyoyakunja na kuyashona pindo mwenyewe. "Haya ni ya wodi ya yule sista aliyenipokea," alikuwa anasema. Marehemu aliyapokea. Alisema asante. Aliyatandika kwa mikono yake na hakumruhusu muuguzi mwingine kuyagusa, na wauguzi wadogo walidhani ni ile tabia yake ya kona.

Kazi yake baada ya hapo mnaijua, na hatuna sababu ya kuipunguza. Alikuwa muuguzi mkuu kuanzia mwaka 1988. Alipiga marufuku maneno "vitanda vimejaa" katika hospitali yote. Muuguzi aliyeyatamka aliambiwa, "Sijakuuliza vimejaa au havijajaa. Nimekuuliza huyu analala wapi." Alijenga hoja, akagombana na kamati, mpaka kikajengwa kile chumba kidogo cha langoni chenye kitanda ambacho hakitakiwi kulaliwa na mtu yeyote ila mama aliyefika na uchungu. Watu wanakuja kutoka mbali kukiangalia. Amepewa vyeti kwa ajili yake. Alivitia ndani ya kabati, nyuso zikiangalia ukuta. Alistaafu mwaka 2006, na mwaka 2019 kamati ilipotaka jengo jipya la uzazi liitwe kwa jina lake, alikataa bila kutoa sababu. Tulijisifu mitaani kwamba mama yetu ni mnyenyekevu. Ni vizuri ijulikane kwamba haukuwa unyenyekevu.

Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Moyo ulikuwa umechoka. Wanawe walitaka kumpeleka hospitali kubwa, akakataa, akaja kulazwa kwenye wodi aliyoisimamia. Alikuwa mgonjwa msumbufu. Alimwita muuguzi wa zamu kutoka kitanda cha tano kwa sababu kitanda cha pili hakikuwa na kona.

Mwezi wa kwanza mwaka huu fundi cherehani alikuja kumwona, ana shuka jipya kwenye mfuko. Binti wa marehemu alikuwepo, na mazungumzo haya tumeyapata kwake.

"Shoga, umekonda," alisema fundi. "Nimekuletea shuka lako mwenyewe safari hii, la wodi litasubiri."

"Kaa," marehemu akamwambia. "Usilitoe kwanza. Kuna jambo nimelikalia miaka yote hii na sitaki kufa nalo. Siku ile nilisema vitanda vimejaa."

"Vilikuwa vimejaa. Mlinzi alituambia."

"Havikuwa na wagonjwa. Viliwekwa watu wazima wa afya, ili mgeni avione vimejaa. Mdogo wangu. Wifi yangu. Majirani. Mimi ndiye niliyewalaza."

Binti anasema mkono wa fundi ulibaki ndani ya mfuko. Kisha akauliza, "Mdogo wako alilala kitanda kipi?"

"Cha mlangoni."

"Ndicho ulichonilaza mimi."

"Ndicho."

"Kilikuwa cha moto," fundi alisema. "Nakumbuka. Nilivyolala nilisikia joto kwenye godoro, nikasema masikini, aliyetoka hapa alikuwa na homa kali. Nikamwombea. Nimezika mtoto huku namwombea mtu aliyekuwa na homa."

Marehemu alisema, "Nisamehe."

"Nimekuombea na wewe. Kila mwaka nashona pindo nakuombea." Alitoa mkono kwenye mfuko, akaufunga mfuko na shuka likiwa ndani, akasimama. "Ngoja kwanza. Ngoja. Usinifanye nijibu leo."

Akaondoka na shuka lake. Marehemu alimsubiri. Kila aliyefungua mlango wa wodi alimtazama kwanza kama ni yeye. Alimwambia binti yake, "Mkinizika mkasema nilikuwa mtu mwema mkaishia hapo, mtakuwa mmenilaza kwenye kitanda cha uongo kama nilivyowalaza wale. Someni yote." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Fundi hakuwa amerudi.

Katika kikao cha mazishi palikuwa na maneno makali. Mdogo wake marehemu alisema, "Mnataka kutuvua nguo makaburini? Watu watatucheka." Binti akamjibu, "Mama mdogo, tumecheka sisi miaka yote hii. Nani atatucheka kutuzidi?" Ndipo mama mdogo aliposema, kwa sauti ya chini, "Basi na mimi niandikwe. Na kwa yule mama twende kwanza. Hili si letu peke yetu kulisema."

Walikwenda wawili. Walimkuta fundi kwenye cherehani yake, anatia pindo kwenye sare za shule. Hakusimama, lakini alisogeza vitambaa ili wapate pa kukaa.

"Pole kwa msiba," alisema.

"Tumeshapoa, dada," alijibu mama mdogo. "Tumekuja kwako kwa jambo."

"Mmekuja kuomba nini? Msamaha au ruhusa?"

Mama mdogo alitazama chini. "Tulikuja kuomba ruhusa ya kulisema hadharani. Huo mwingine sina uso wa kuuomba. Mimi ndiye niliyekuwa kitanda cha mlangoni."

Fundi aliendesha cherehani mpaka mwisho wa pindo. Alikata uzi kwa meno. Kisha akamwambia, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mimi ishirini." Akashika kitambaa kingine. "Someni. Lakini msiseme nilimsamehe, mkampamba. Na msiseme sikumsamehe, maana aliniosha kwa mikono yake na hilo halikuwa uongo. Semeni bado nafikiri. Mtu amekaa nalo miaka arobaini, mimi nimelipata mwezi uliopita."

Wakasimama kuondoka. Akawaita.

"Na huyo mtoto mmemwandikaje?"

Binti akamsomea tulichokuwa tumeandika: kwamba alizaliwa akiwa hai na akafa wakati anabebwa.

"Ongezeni," fundi akasema. "Alikuwa wa kiume. Alilia. Mara mbili. Watu waliniambia nilikuwa na maumivu, sikusikia vizuri. Nilisikia. Na sista alisikia. Andikeni kwamba alilia."

Tunaongeza hapa, kama alivyotaka: alikuwa mtoto wa kiume, na alilia. Na kwa kuwa marehemu mwenyewe alikataa, familia inaiomba kamati ya hospitali isiliite jengo la uzazi kwa jina lake, leo wala baadaye. Kama jengo lazima liwe na jina, aulizwe kwanza mama wa mtoto huyo.

Fundi cherehani alisema hatafika leo, na hatukumwomba afike. Wale waliobaki kati ya akina mama waliolala wodini siku ile wapo hapa. Wamekaa pamoja, na hawakutaka kutajwa mmoja mmoja, ila wamekubali tuseme kwamba wapo.

Marehemu ameacha binti mmoja, mtoto mmoja wa kiume, mdogo wake wa kike, wifi yake, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Ameacha hospitali yenye wodi mbili na jengo la uzazi, na wauguzi wanaokunja kona kwa kumwogopa mpaka leo. Ameacha pia swali ambalo lilikuwa lake, na kuanzia leo ni letu: yule mama atakapomaliza kufikiri, atatukuta tumekaaje?

Amani tunaiomba kwanza kwa yule mama na mwanawe aliyelia. Baada yao, tunaiomba kwa mama yetu.